Fundi amerudi kutoka shambani: kwa nini hatumpi geti lako siku hiyohiyo

Masoko ya tumbaku yakishafunguliwa na malipo yakaanza kutoka AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), karakana yetu ya kuchomelea hapa Tabora mjini inakosa hata pa kupita. Wa Urambo anataka geti. Wa Sikonge anataka grili za nyumba iliyoishia kwenye lenta tangu mwaka juzi. Mama wa Ipuli anataka mlango wa duka, na anautaka jana. Wakati huohuo ndio baadhi ya mafundi wetu wanarejea kazini, maana nao ni wakulima. Waliaga mvua za kwanza ziliposhuka mwezi wa kumi na moja, wakapandikiza miche, wakavuna majani, wakakesha kwenye mabani ya kukaushia tumbaku wakiangalia moto. Wanarudi na afya njema na hela kidogo mfukoni, ila mkono wa kuchomelea umelala.

Sasa mteja anapita kuulizia kazi yake, anamkuta fundi kajikunyata kwenye kona, anaunguza rodi, kile kijiti cha kuchomelea, juu ya vipande vya chuma chakavu. "Hivi nyie, mimi nimelipa nusu, halafu huyu anacheza?" Swali la haki kabisa. Tumeona tulijibu hapa mara moja, kwa urefu, badala ya kumjibu kila mtu mlangoni.

Kuchomelea kuna sehemu mbili. Sehemu ya kichwani haipotei kirahisi: kusoma vipimo, kukata pembe, kujua rodi ipi inafaa chuma kipi, kujua upande gani wa fremu ufungwe kwanza ili isipinde. Fundi aliyekaa shambani msimu mzima bado anayajua hayo yote, na ndiyo maana siku za mwanzo tunampa kupima, kukata na kupanga. Sehemu ya pili iko mkononi, na hiyo haingoji ruhusa ya kuondoka.

Angalia mkono huo unafanya nini. Rodi ya kawaida ina urefu wa sentimita 35 hivi, na inapungua kadiri inavyoungua. Kwa hiyo mkono unashuka kuifuata, huku unasogea kando kuufuata mshono, huku unalinda mlalo uleule wa rodi. Vyote kwa pamoja, bila kusimama. Nafasi kati ya ncha ya rodi na chuma inatakiwa iwe sawa na unene wa waya wa rodi yenyewe, yaani kwa rodi ya 2.5 ni milimita mbili na nusu tu. Ukiiachia nafasi ikakua, moto unatawanyika, cheche zinaruka ovyo, mshono unatoka mpana, bapa, wenye vitundu. Ukiibana mno, rodi inanasa. Na nyuma ya kioo cheusi huoni kingine chochote zaidi ya kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Fundi aliyezoea anaangalia kidimbwi. Aliyekaa muda mrefu bila kushika rodi anajikuta anaangalia mwanga, na mwanga haumwambii kitu.

Sikio nalo linahusika. Moto uliokaa vizuri unalia kwa sauti moja kama dagaa kwenye mafuta ya moto. Ukianza kukohoa na kupasuka, umbali umeharibika. Mzee anayesimamia karakana yetu mara nyingi hata hageuki kuangalia. Yuko zake na msumeno, anasema tu, "Ufupishe huo moto," na fundi anaushusha mkono.

Kwa mteja, hatari kubwa iko kwenye bomba la mraba, kwa sababu mageti na grili nyingi zinatengenezwa kwa hilo. Ukuta wake ni mwembamba, mara nyingi milimita moja na nusu au chini ya hapo. Ukikawia sehemu moja kidogo tu, umetoboa. Fundi ambaye mkono haujarudi anaogopa kutoboa, kwa hiyo anakimbia, au anapunguza moto wa mashine kupita kiasi. Chuma cha rodi kinakaa juu ya bomba bila kushikana nalo. Kwa macho unaona mshono mzuri, una mawimbi na kila kitu. Unapitishwa grinda, unapakwa puti, unapigwa rangi ya oili, geti linameta. Miezi michache baadaye bawaba ya juu inaachia, kwa kuwa uzito wote wa geti unaning'inia pale, na unamkuta mlinzi kaliegemeza geti kwenye mti wa mwembe.

Tuseme wazi: kwenye biashara hii rangi imeficha dhambi nyingi. Ndiyo maana hatuamini mshono kwa kuutazama.

Tunauvunja. Fundi anayerudi anapewa vipande viwili vya bamba la milimita 6, anasimamisha kimoja juu ya kingine kama herufi T, anachomelea upande mmoja tu. Kinaachwa kipoe chenyewe, hakimwagiwi maji. Kisha bamba la chini linabanwa kwenye jiliwa, na lile lililosimama linagongwa kwa nyundo nzito kutoka upande usio na mshono, ili lilalie kwenye mshono na kuufungua kuanzia kwenye shina, yaani ndani kabisa pale mabamba mawili yanapokutana. Upande mwingine ukiachwa bila kuchomelewa ni kwa makusudi: shina la mshono halina pa kujificha.

Msimu uliopita alirudi fundi mmoja mwenye uzoefu mkubwa, mtu ambaye geti lake hata wewe huenda umelipita ukienda stendi. Aliona kama anadharauliwa.

"Shikamoo mzee. Lakini hii ya vipande ni ya wanafunzi, au sivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Chomelea tu, halafu tuugonge."

Akachomelea. Kwa juu mshono ulikuwa safi, maganda, ule utando mgumu unaofunika mshono, yalitoka yenyewe bila kubembelezwa. Pigo la kwanza bamba likainama kidogo. La pili likang'oka lote. Mzee akakichukua kipande, akakipeleka kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa chini. Mistari ya jiwe la grinda ilikuwa bado inaonekana pale, mikali, kama ilivyokatwa asubuhi. Chuma kilichoyeyuka hakikuwahi kuufikia ukingo ule, kilipita juu yake. Pembeni kulikuwa na doa jeusi la maganda yaliyozibwa ndani. Fundi alikiangalia kile kipande muda mrefu, akasema, "Nimekimbia." Akaenda kuchukua vipande vingine bila kuambiwa. Kabla ya wiki kwisha, bamba lake lilikuwa linalala chini kabisa huku mshono umeshika, na siku hiyo ndipo alipokabidhiwa bawaba za mteja.

Mshono ukivunjika vizuri unatambulika: umepasuka katikati ya chuma cha mshono wenyewe, una chembechembe za kijivu tangu juu hadi shinani, na ukingo wa bamba umeliwa. Ukivunjika ukaacha bamba zima, safi, hapakuwa na mshono pale, palikuwa na urembo.

Wapo wanaodhani huu ni ukali wetu wa Tabora. Hapana. Kanuni za Chama cha Uchomeleaji cha Marekani kwa majengo ya chuma, zinazojulikana kama AWS D1.1, zinasema sifa ya mchomeleaji inaendelea kutambuliwa isipokuwa akae zaidi ya miezi sita bila kutumia njia ile ya uchomeleaji, au pawe na sababu maalumu ya kutilia shaka uwezo wake. Zile za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, za mitungi ya mvuke na shinikizo nazo zinashika miezi sita. Za kimataifa, ISO 9606, zinataka kila miezi sita mwajiri au msimamizi athibitishe kwamba mtu bado yuko kazini. Hebu hesabu mwenyewe: mwezi wa kumi na moja hadi wa tano. Msimu wa tumbaku unaangukia palepale. Geti la nyumbani halihitaji makaratasi ya ASME, na hatutakudanganya kwamba tunayo, lakini mkono unaochomelea mtungi na mkono unaochomelea geti unasahau kwa namna moja.

Si kila mshono mbovu ni kosa la mkono, na hapa tunawatetea mafundi kidogo. Rodi zilizoachwa kwenye pakiti iliyofunguliwa, ndani ya stoo, masika yote, zimekunywa unyevu. Zinatoa vitundu hata ukimpa bingwa. Rodi za 7018, zinazotumika kwa chuma kizito, ndizo zisizovumilia unyevu kabisa, maana haidrojeni inayotoka kwenye maji hayo inaweza kupasua mshono baada ya kupoa, wakati wewe umeshaenda nyumbani. Kwa hiyo anayerudi haruhusiwi kutumia masalia ya mwaka jana kwenye kazi ya mteja. Anafungua pakiti mpya, masalia anafanyia mazoezi. Umeme nao una tabia zake. Jioni watu wakiwasha majiko na pasi, umeme unapungua, na mashine iliyowekwa ampea 80 inachoma kama ya chini ya hapo. Fundi mwenye mkono ulioamka analisikia hilo na kurekebisha. Aliyelala anaendelea tu.

Kuna kazi ambazo hatumpi anayerudi hata kama vipande vyake vimeanza kulala vizuri. Mnara wa tenki la maji ni mojawapo: lita 2,000 za maji ni tani mbili zimekaa juu ya vichwa vya watoto wanaochota chini. Trela na ekseli ya mkokoteni hivyohivyo. Na plau. Wateja wa Igunga na Nzega wanaleta majembe ya plau yaliyopasuka wakidhani ni kazi ndogo, lakini chuma kile kina kaboni nyingi kuliko bomba la geti. Ukikichomelea kikiwa baridi, pembeni ya mshono panakuwa pagumu na kavu, ng'ombe wakivuta mara mbili panakatika palepale. Kinapashwa moto kwanza, kinachomelewa kwa rodi yake, kinaachwa kipoe polepole, hata ndani ya majivu. Kazi hiyo inashikwa na mzee au na mtu aliyekuwepo mwaka mzima.

Macho je? Anayerudi husahau kushusha kinyago kabla ya kuwasha rodi, hasa anapopiga vidoti vya kushikiza fremu. Maumivu hayaji papo hapo; yanaanza saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kama una mchanga ndani ya macho. Usisugue, usitie kitu ulichoelekezwa na jirani, nenda hospitali. Na hili linawahusu ninyi wateja pia: mnaposubiri, geuzeni watoto upande mwingine.

Mazoezi haya tulianza kwa ajili ya watu wetu, lakini mafundi wa nje wamekuwa wakiomba, kwa hiyo sasa ni huduma. Kama ulisomea VETA, chuo cha ufundi stadi, ukaenda kufanya jambo jingine, au ulikuwa shambani, au machimboni, au unatoka likizo ya uzazi (tumempokea dada mmoja wa namna hiyo, na mkono wake uliamka haraka kuliko wa mwanamume aliyekuja naye), njoo Jumamosi mchana, kazi za wateja zikiwa zimepungua. Unalipia rodi unazochoma na umeme kwa saa. Chuma chakavu tunakupa bure. Kinyago na glavu ujitegemee, kwa sababu za kuazima zinafika zimechanika. Utaanza na mistari ya kulaza juu ya bamba mpaka upana ufanane, halafu T, halafu mshono wa kusimama kutoka chini kwenda juu. Bomba jembamba ni la mwisho, hata kama ndilo lililokuleta. Mzee atakugongea vipande vyako na kukuonyesha ndani. Cheti hatutoi, hatuna mamlaka hayo, na anayekihitaji aende VETA akapimwe.

Kwa wateja, utaratibu wa msimu huu ni huu. Geti au grili ikikamilika tunakupigia simu kabla ya kupaka rangi. Njoo uione ikiwa uchi, pitisha mkono kwenye bawaba, uliza nani kachomelea ipi, na ukitaka kuona kipande chake kilichovunjwa kipo kwenye rafu nyuma ya mashine, kimeandikwa jina lake kwa chaki. Usipofika ndani ya siku tatu tunapaka, maana kutu haina subira. Anayetaka kazi itoke kabla ya mwisho wa mwezi wa saba alete vipimo sasa, na tafadhali apime upana wa mlango sehemu tatu, juu, katikati na chini. Kuta za matofali ya kuchoma hazifanani.