Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Minada ya Mali Iliyowekwa Rehani

Wanachama wenzangu,

Hesabu za chama chetu cha madalali wa minada mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nataka tuzungumzie bei.

Hapa Kenya, kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka mkopeshaji atafute bei bora inayoweza kupatikana wakati wa kuuza. Mali ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, atahesabiwa kuwa amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo, na mwenye mali anaweza kwenda kortini kuomba mauzo yabatilishwe. Wajibu ni wa mkopeshaji, lakini karatasi zitakazosomwa kortini ni zetu madalali.

Mwaka huu nilikwenda kutazama mnada mmoja. Nyumba ilikuwa ya orofa, ina kisima, na nyuma ina vyumba vya kupangisha. Tangazo lilisema "kiwanja chenye majengo", basi. Waliotaka kuiona mapema walikuta lango limefungwa kwa kufuli. Siku yenyewe walifika wanunuzi watatu, wawili wakishuka gari moja, na nyundo ikagongwa kabla ya dakika kumi kuisha. Mwenye nyumba alikuwa amesimama ukutani, ameshika bahasha ya risiti za malipo yake. Niliona haya. Deni lililobaki baada ya bei ile lilimfuata yeye, na mkopeshaji naye hakupata pesa zake zote.

Siku 45 anazopewa mdaiwa kukomboa mali tunazihesabu vizuri, na zile 14 za kusubiri mnada tangu tangazo la kwanza gazetini pia. Lakini dalali anaweza kutimiza tarehe zote na bado akaiuza nyumba ya mtu kwa bei ya kutupa. Mkipewa ripoti ya mthamini iliyopita miezi 12, irudisheni. Tangazo litaje ukubwa wa kiwanja, vyumba, maji, barabara na anayeishi ndani. Wekeni siku za kutazama, na awepo mtu wa kufungua lango. Bei ya chini iliyowekwa kabla ya mnada isipofikiwa, ahirisheni. Najua mkopeshaji atakasirika. Nimepigiwa simu hizo mara nyingi. Na asiwepo dalali wa chama hiki anayemuuzia jamaa yake mali aliyopewa kuuza. Hilo sitalivumilia.

Rasimu ya tangazo jipya imeambatishwa. Isomeni, mje nayo kwenye mkutano mkuu ikiwa na marekebisho yenu.

Mwenyekiti