Kitenge Chako cha Kijani

Tukuyu,
Jumapili, 15 Juni 2025

Sekela ndugu yangu,

Ugonile? Sisi huku tu wazima wote, na safari hii nikisema wote nahesabu watu watatu. Ipyana amelala kifuani mwangu hapa ninapoandika, nimemfunga kwa khanga mbili juu ya ngozi, na mwandiko ukikimbia nje ya mstari ujue ni yeye anajinyoosha. Ana wiki tano. Alhamisi kliniki mizani imesoma kilo 2 na gramu 300. Baridi ya Juni unaijua ilivyo hapa kwetu, jua halijaonekana tangu Jumatano na Mlima Rungwe umejifunika hadi miguuni, lakini yeye ana joto kama mkate uliotoka jikoni.

Uliponipigia nilikuambia tu nimejifungua salama, halafu nikasingizia mtandao. Mtandao haukuwa na neno. Kila nikitaka kukueleza koo lilikuwa linafunga, na wewe ukawa unasema "haloo, haloo". Ndiyo maana nimeandika. Barua iko ndani ya kiroba, chini ya parachichi na ndizi, nimempa dereva wa kosta anayekuja Makambako. Isome ukiwa peke yako.

Nianze na mimba hii ya pili, maana ile ya kwanza unaijua kuliko mimi.

Nilipojua kwamba nimeshika tena, sikufurahi. Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikahesabu kwa vidole mwezi wa saba utaangukia lini, maana huko ndiko nilikokwamia mara ya kwanza. Ukaangukia Aprili, katikati ya masika. Nikamwambia mume wangu usiku taa ikiwa imezimwa, ili asinione uso. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kesho tunakwenda kliniki, mimi na wewe." Na kweli akaja, akakaa kwenye benchi na akina mama mpaka mwisho.

Yule mama wa kliniki aliniuliza uzao wa kwanza uliishaje. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini, akafunga mlango, akaanza kuniuliza taratibu: miguu ilivimba? Na uso? Kichwa? Uliona maruweruwe? Ulipata degedege kabla ya mtoto kutoka au baada? Hilo la mwisho sikuweza kulijibu, mume wangu ndiye aliyejibu. Tukapelekwa kwa daktari. Huyo ndiye aliyenieleza, mara ya kwanza tangu yanikute, kifafa cha mimba ni kitu gani. Alisema jambo linaanzia kwenye kondo la nyuma. Mishipa yake isipoingia vizuri kwenye mji wa mimba, kondo linakosa damu ya kutosha, na linamwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoumiza mishipa yake ya mwili mzima. Ndipo presha inapanda, figo zinavujisha protini kwenye mkojo, na ubongo ukizidiwa degedege linakuja. Na mwanamke aliyewahi kukipata anaweza kukipata tena.

Hakutaja jirani. Hakutaja mzimu wala mkono wa mtu. Sekela, nililia pale ofisini mpaka nikaona aibu. Wewe ulikuwepo, unajua yaliyosemwa nyumbani kwangu, nani alinyooshewa kidole, na mimi mwenyewe niliambiwa nimekanyaga nini. Miaka mitatu niliishi na maneno yale, na nusu yake nilikuwa nimeyaamini.

Akaniandikia aspirini, kidonge kidogo kila jioni kuanzia wiki ya 12, na vidonge vya kalishiamu. Akaniambia haviondoi hatari yote, vinaipunguza. Mume wangu akaweka kengele kwenye simu, saa mbili usiku, na hakuna siku iliyopita. Kila baada ya wiki mbili nilipanda bodaboda kwenda kupimwa presha na mkojo. Nilikuwa namwangalia nesi anavyokitumbukiza kile kijiti kwenye mkojo. Kikibaki njano napumua. Desemba njano, Januari njano, Februari, Machi. Aprili nzima mvua ikanyesha na kijiti kikabaki njano. Nikavuka pale nilipoishia mara ya kwanza, na usiku wa siku hiyo sikulala, nilimsikiliza anavyocheza tumboni mpaka jogoo wakawika.

Wiki ya kwanza ya Mei nikaenda kama kawaida, siumwi popote, nimebeba hata kikapu cha kupitia sokoni. Presha ikasoma 150 kwa 100. Nesi akanilaza ubavu wa kushoto, akarudia baadaye, ileile. Kijiti kikageuka kijani. Nikamwambia naomba nirudi nyumbani nikachukue nguo. Akasema, "Huendi kokote mama," akapiga 115, ile namba ya M-mama isiyokatwa salio, gari likaja.

Ni kilomita kama 70 kutoka hapa mpaka Mbeya mjini. Ni njia ileile niliyopitishwa usiku ule wa kwanza nikiwa sijitambui. Safari hii niliitazama yote. Kiwira na ndizi zilizopangwa kando ya barabara. Isongole ukungu umeshuka mpaka lami, akina mama wamejifunika mablanketi mbele ya ndoo za viazi. Uyole na malori ya Zambia. Nilikuwa najiuliza ni wapi hasa kati ya hapa na pale alipoacha kucheza.

Wakanilaza hospitali ya Meta. Sindano za kukomaza mapafu ya mtoto zilikuwa nne, kila baada ya saa 12, na vidonge vya presha. Daktari alisema kila siku anayokaa tumboni ni faida kwake, mradi mimi niweze kuibeba. Nikazibeba tano. Usiku wa tano kichwa kikaanza, pale mbele juu ya macho, kikifuatiwa na maumivu chini ya chembe ya moyo kama nimemeza jiwe. Balbu ya wodini ikawa na vimulimuli pembeni.

Unakumbuka mara ya kwanza nilisema nini? Nilisema ni baridi. Nilisema ni moshi wa kuni. Siku mbili nzima kichwa kinapasuka nami nafunga kitambaa na kupika. Zahanati niliyokwenda wiki ile mashine ya presha haikuwa na betri, nikaambiwa nirudi wiki ijayo, nami nikafurahi kurudi nyumbani mapema. Na miguu yangu ilipovimba mpaka kandambili haziingii, kila aliyepita alisema, "Huyo wa kiume!" Alikuwa wa kike. Hilo ndilo jambo moja nililoambiwa juu yake.

Safari hii nilimwita nesi kabla jicho halijamaliza kupepesa. Presha 170 kwa 115. Wakaja watatu. Dripu ya magniziamu ilipoingia nikahisi moto unashuka kutoka kooni hadi kwenye nyayo, nikapiga kelele kwamba naungua, mkunga akanishika kichwa akisema, "Huo moto ndio unaokulinda, vumilia." Zikafuata sindano mbili kubwa, moja kila takoni, sitaki kuzikumbuka. Kisha alikuwa ananigonga chini ya goti aone kama mguu unaruka, anahesabu pumzi zangu kwa saa ya mkononi, anatazama mfuko wa mkojo umejaa kiasi gani. Dawa ile ikizidi inazima pumzi, ndiyo maana hakubanduka. Laiti ningejua jina lake. Nilimjua kwa mikono tu, ilikuwa na baridi na ilinukia sabuni.

Wakanipasua alfajiri, kwa sindano ya mgongo, macho wazi. Nilisikia adhana mbali huko mjini. Kisha kimya, Sekela, kimya ambacho sina neno la kukieleza. Halafu akalia. Sauti nyembamba, kama bawaba ya mlango mkavu. Daktari akasema, "Huyo, mama." Kilo 1 na gramu 600.

Nilidhani hapo yameisha. Lakini degedege linaweza kuja hata baada ya kujifungua, wakaendelea na dawa saa 24 nyingine na kunipima usiku kucha. Mtoto alikuwa chumba cha njiti, ana mrija puani. Niliambiwa nikamwone, nikasema nimechoka. Siku ya pili nikasema kidonda kinauma. Kweli ilikuwa naogopa. Nilikuwa nimeshamfunga moyoni kama mgeni atakayeondoka, na jina sikutaka kumpa.

Siku ya tatu nesi wa kule hakuniuliza. Alinikalisha, akanifungua kifua, akamweka pale, kofia na soksi na nepi tu, miguu imekunjwa kama chura, akatufunga pamoja kwa khanga. Alinieleza kwamba kumfunga mtoto hivi, wenyewe wanaita kangaruu, kulianzia Bogotá huko Kolombia, mwaka 1978, hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto, na kwamba kifua cha mama hakizimiki umeme ukikatika. Nilimsikia kwa mbali. Nilikuwa nahisi kitu kinapiga juu ya mfupa wangu wa kifua, haraka haraka, na ilinichukua muda kujua ni moyo wake wala si wangu.

Siku 19 tukakaa hivyo. Maziwa nakamua kila baada ya saa mbili, mwanzoni ile dang'a ya njano, matone ya kuhesabu, baadaye kwa kikombe kidogo kama cha kahawa. Alishuka hadi kilo 1 na nusu, nikawa siwezi kula. Kitanda cha pili alikuwepo dada mmoja wa Chunya, wa kwake alizaliwa na kilo 1 na gramu 200, naye ndiye aliyekuwa ananitia moyo mimi! Tuliimba pole pole usiku ili tusisinzie tukawaangusha. Mume wangu naye alivua shati akamfunga kifuani, mimi nikapata kulala saa tatu mfululizo.

Na baba mkwe. Unajua yule mzee alivyoishika mila, kwamba mkwe mwanamke na baba mkwe hawaonani uso. Tangu niolewe tunapishana kwa kona za nyumba. Alitoka kijijini akaja Mbeya, akakaa nje ya geti kutwa nzima na chupa ya maziwa mgando mapajani, akaituma ndani kwa mkono wa mtoto wa watu na maneno haya tu ya asante sana: "Mwambieni ndaga fijo." Nimeyatunza.

Jina akatoa mume wangu, Ipyana, nami nikakubali siku mizani iliposoma kilo 1 na gramu 800 wakaturuhusu.

Kabla sijasahau: mdogo wako uliyesema ana mimba ya miezi mitano na mikono imeanza kuvimba. Msimwambie ni mtoto wa kiume. Mpelekeni kesho akapimwe presha na mkojo, na kama mashine haina betri, nendeni kwingine siku hiyohiyo.

Sasa nifike kwenye kilichonikalisha chini kuandika.

Mara ile ya kwanza nakumbuka nikichochea moto jioni, kisha nakumbuka dari ya hospitali. Siku mbili katikati hazimo kichwani mwangu. Zimo kichwani mwako. Nilipozinduka tumbo lilikuwa tupu, na kila niliyemuuliza alinijibu, "Mshukuru Mungu umepona." Wazee walisema mtoto aliyezaliwa hivyo hazungumzwi, hakuna matanga, mama asioneshwe. Mama mkwe alisema kuuliza nani alimbeba ni kuita msiba mwingine. Nikanyamaza. Nilikuwa na maziwa kifuani, yakitoka bila kunyonywa na mtu, na nikanyamaza.

Lakini ulipokuja wodini ulikuwa umevaa gauni la kuazima, na kile kitenge chako cha kijani chenye maua ya njano, tulichokinunua pamoja Mwanjelwa, sijakiona tena. Kwenye harusi ya dada yako hukukivaa. Ulipohama, nilikusaidia kufunga nguo zako moja moja, na nilikuwa nakitafuta. Hakikuwemo. Ulikuwa unaniangalia, Sekela, na ulijua ninachotafuta, na sote wawili tukaongelea masufuria.

Sikulaumu. Ulitii wazee, na ulinihurumia. Wala hilo la kitenge sitaweza kulilipa. Lakini nimekuwa na huyu siku 35, najua kila kucha yake, najua sikio la kushoto limekunjika kidogo juu, na kila ninachokijua kwake kinaniuliza juu ya yule. Alikuwa na nywele? Vidole vyangu au vya baba yake? Alikuwa mzito mikononi? Alionekana kama aliyelala, au alionekana ameumia? Hata kama ni hilo la mwisho, niambie.

Julai tunambatiza Ipyana hapa Moravian, nataka uje umshike wewe. Fika siku moja kabla. Mume wangu nimeshamwambia, amekubali, atabaki na mtoto. Tutatoka mimi na wewe asubuhi kabla watu hawajaamka, unipeleke migombani, unioneshe ni mgomba upi.

Parachichi zile ngumu zifunge kwenye gazeti, siku tatu zitaiva.

Wako,
Mama Ipyana