Margherita si ya mwezi wa nne

Kasese

Rafiki yangu Okello,

Salamu nyingi kutoka huku. Hatujambo sote. Mama anakusalimu, na bado anauliza utaleta lini watoto awaone.

Unasema wewe na wenzako wa kazini mmepata likizo mwezi wa nne na mnataka kupanda Rwenzori hadi kilele cha Margherita, ila video za maporomoko ya theluji kule Uswisi zimewatia hofu. Kuogopa si vibaya, lakini mnaogopa kitu kimoja na kuacha kingine kilicho karibu zaidi.

Kule Ulaya theluji hulundikana majira yote ya baridi, tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini likiwa dhaifu, uzito wa mtu mmoja unatosha kung'oa bamba zima, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Mara nyingi anayefukiwa ndiye aliyeliamsha, yeye au mwenzake. Asipofukuliwa ndani ya robo saa hivi, matumaini ya kumpata hai hushuka haraka sana.

Huku kwetu ikweta theluji huanguka mwezi wowote. Jua la mchana huilainisha na baridi ya usiku huigandisha, kwa hiyo haipati muda wa kujipanga namna ile. Sisemi haiporomoki. Mvua za Machi hadi Mei zikitunyeshea huku bondeni, kule juu huanguka theluji nzito, tena juu ya barafu yenye utelezi. Mteremko wa namna hiyo siupendi hata kidogo.

Ila kinachoninyima usingizi ni nyufa. Barafu ya Mlima Stanley, wenye kilele hicho cha Margherita, inayeyuka na kupasuka, na theluji mpya huziba midomo ya nyufa hizo kwa utando mwembamba. Ukiangalia unaona uwanja mweupe tu. Mtu anakanyaga, anazama. Ndiyo maana tunafungana kamba, na anayetangulia anachomachoma kwa shoka la barafu kabla ya kuweka mguu. Halafu kuna mawe: zamani barafu iliyashikilia ukutani, sasa inapoyeyuka yanaachiliwa, na hayapigi hodi.

Okello, mlima huu unabadilika. Yule mjukuu wa mfalme wa Italia, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipofika kileleni mwaka 1906, milima yote sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu. Leo iliyobaki ya maana ni ya Stanley. Wazee wetu Wakonzo walisema mungu wetu Kitasamba anakaa huko kwenye theluji, na wanapoitazama ikipungua wanaumia. Mimi pia naumia. Njia ninayoijua mwaka huu huenda mwakani isipitike, kwa hiyo usimsikilize mtu anayekwambia alipita mahali fulani miaka kumi iliyopita.

Njooni Januari, au Julai. Leteni gambuti kwa ajili ya matope ya bonde la Bujuku. Vyuma vya kufunga viatuni na kamba mtakodi huku, lakini mvijaribu kabla ya kupanda, visije vikalegea huko juu. Kutoka kambi ya Elena tutaondoka saa nane au tisa usiku, theluji ikiwa bado imeganda, ili tuwe tumeshuka kabla ukungu haujafunga. Kichwa kikimuuma mtu, akatapika huko juu, anateremshwa, hata kama kilele anakiona kwa macho. Na mtu akivunjika mguu kule, ni machela na mabega ya wapagazi, kutwa nzima na zaidi, kwenye matope yaleyale.

Waambie wenzako jambo moja mapema: mwongozaji akisema tunarudi, tunarudi. Kama kuna asiyekubali hilo, abaki Kampala.

Msilipe pesa popote kabla hatujazungumza. Nipigie jioni, mchana simu haishiki.

Wako,
Bwambale