Dada, ukweli kuhusu uso wa Mama

Dada,

Simu zangu hupokei, basi soma hapa.

Kwenye harusi ya binti ya Mjomba kule Buruburu, Mama alikuwa bado na uzi wa upasuaji shingoni. Chai ilimchuruzika upande mmoja wa mdomo. Wewe, mkubwa wangu, ukawaambia wakwe kwa sauti: "Muulizeni huyu, ndiye aliyempeleka kukatwa." Mama akainamisha uso. Hilo limenikwama kooni mpaka leo.

Kile kivimbe cha tezi ya mate, chini ya sikio, tulikilea miaka. Wewe ulisema ni matubwitubwi, Shangazi akasema ni jino. Sampuli ya sindano iliposema si saratani, ukashikilia hapo hapo: sasa wanakata nini? Dada, vingine vya aina ile vikiachwa muda mrefu hugeuka saratani. Na vikikua, kuvitoa huwa kazi ngumu zaidi.

Daktari alituchorea kwenye karatasi. Neva ya uso, inayochezesha misuli ya uso, hupita katikati ya tezi ya mate, ikagawanyika matawi matano, kuanzia paji hadi shingo. Ukikikamua kivimbe peke yake, mbegu hubaki na kinaweza kurudi kikiwa vivimbe vingi, na kupasua mara ya pili ni hatari zaidi kwa neva. Kwa hiyo hukatwa pamoja na sehemu ya tezi, neva ikichambuliwa polepole kama nyuzi za ukili. Ya Mama haikukatwa. Ilichoka kwa kuguswaguswa, na neva ya namna hiyo huamka baada ya wiki au miezi.

Imeamka. Jicho linafunga, anacheka kama zamani. Ungekuja mtaani Umoja ungeona, lakini hukuja, pole kwa kukwambia hadharani.

Kilichobaki ni ncha ya chini ya sikio kufa ganzi, na shavu kutoka jasho anapokula. Nyuzi za neva zilizokuwa zikiamuru mate ziliota upya zikajishika kwenye tezi za jasho. Daktari Mpolandi, Łucja Frey, aliandika habari za jasho hilo mwaka 1923, kwa hiyo usiseme tena kwamba Mama amerogwa.

Nakukumbuka ukimsuka nywele Jumapili, Dada. Anakukumbuka pia.

Hayo yote, ya mdomo na ya jasho, alielezwa kabla. Nilimwambia aende akafikirie. Akaomba kalamu, akatia sahihi mwenyewe. Mpigie umuulize, hata kama mimi hunitaki.