Kuhusu mguu wa Baba

Tanga, Jumapili usiku

Rehema mpendwa,

Kwanza mfikishie Baba shikamoo yangu. Pole sana kwa kuuguza.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Daktari kamgonga Baba gotini kwa kinyundo cha mpira, na mguu wa kushoto, ule uliolala tangu apate kiharusi, ukaruka juu kuliko hata wa kulia. Unaniuliza kama ndiyo anapona. Furaha yako niliisikia, nikashindwa kukujibu kwa maneno mawili ya simu. Miaka yote hii nafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, na swali hilo huulizwa na karibu kila familia.

Kuruka kule hakukutoka kichwani mwa Baba. Chini ya pia ya goti pana kano. Ukiigonga, inauvuta kidogo msuli mkubwa wa mbele ya paja. Ndani ya msuli huo zimo nyuzi ndogo mno za kuhisi, kazi yake ni kupima msuli umevutwa kiasi gani na kwa kasi gani. Zikivutwa ghafla, habari inakimbia kwenye mshipa wa fahamu hadi ndani ya uti wa mgongo, zaidi ya mita 50 kwa sekunde, na palepale inapokewa na neva ya pili inayorudi kwenye msuli uleule: kaza! Neva mbili tu. Wakati huohuo misuli ya nyuma ya paja inaamriwa ilegee isije ikazuia. Ubongo unapata taarifa mambo yakiwa yameshakwisha. Ndiyo rifleksi hiyo. Wajerumani wawili, Wilhelm Erb na Carl Westphal, waliandika habari zake mwaka 1875, kila mmoja kivyake, na mpaka leo sijaona kifaa rahisi kama kinyundo kile kinachosema mengi hivyo.

Unakumbuka ulivyoshika mfuniko wa sufuria ya pilau kwa mkono mtupu? Uliuachia kwanza, ndipo ukapiga ukelele. Njia yake ni ndefu kidogo, neva zake ni nyingi zaidi, lakini amri ilitoka mgongoni vilevile.

Sasa kwa nini mguu mgonjwa uruke kuliko mzima? Kwa sababu ubongo, kila dakika, unautuliza uti wa mgongo, kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi. Kiharusi kimeikata kamba. Siku za mwanzo, uliniambia mwenyewe, mguu ulikuwa teketeke kama kitambaa kilicholowa. Wiki zikapita, uti wa mgongo ukaanza kujiendesha bila wa kuuzuia, na ndiyo unauona sasa umekakamaa na kurukaruka. Rehema, naumia kukuambia, lakini kuruka huko peke yake si kupona. Kunatuambia msuli ni mzima na mishipa ya mguuni ni mizima, na hilo si dogo. Kilichoumia kiko juu.

Na ule mguu kutetemeka kama cherehani mnapomkanyagisha sakafuni, si degedege, msiogope. Ni jambo lilelile: kigimbi kinavutwa ghafla, kinakaza, unyayo unashuka, kinavutwa tena. Mwondoleeni uzito, unyayo ulegee, kisha mmkanyagishe upya taratibu.

Hapa ndipo nakuomba unisikilize sana. Zile nyuzi za kuhisi zinachukia kasi. Mdogo wako akiunyoosha mguu wa Baba kwa kuukurupusha, anauamsha msuli upigane naye. Shika kisigino kwa kiganja chako, unyayo wake ulale kwenye mkono wako wa mbele, halafu usukume polepole kuelekea kwake mpaka usikie msuli umefika mwisho. Tulia hapo, hesabu hadi 30. Utausikia unalegea mkononi. Asubuhi na jioni. Na mnapomwinua, msimvute kwa ule mkono uliolala, bega litatoka.

Kile kidole gumba kilichoinuka alipokwaruzwa unyayo, daktari alikuwa anatafuta alama aliyoieleza Joseph Babinski kule Paris mwaka 1896. Kwa mtu mzima kidole hukunja kwenda chini. Mkwaruze mjukuu wake wa miezi minne, chake kitainuka, na kwake ni sawa kabisa, njia zake za kutoka ubongoni bado hazijakomaa.

Ninachokingoja mimi ni kingine. Kila asubuhi, kabla hujamgusa, mwambie Baba avute vidole vya mguu wa kushoto kuja kwake. Aangalie, ajaribu, umpe muda. Vikisogea kwa kutaka kwake, hata kidogo kama unene wa ukucha, nipigie. Hata kama ni saa nane za usiku.

Wako,
Mwanaidi