RISALA YA WAHITIMU WA STASHAHADA YA UTABIBU KWA MHESHIMIWA MGENI RASMI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wajumbe wa Bodi, walimu wetu, wazazi na walezi, wadogo zetu tunaowaacha: itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuvumilia vumbi la barabara yetu. Karibu sana.

Chuo kilianza na madarasa mawili na wanafunzi 24. Leo wapo 198, na tunaohitimu ni 61. Kwa miaka mitatu tumepata mafanikio makubwa: bustani unayoiona mbele ya jengo la utawala ni kazi ya mikono yetu, timu ya mpira wa pete imeshika nafasi ya pili dhidi ya vyuo jirani, tumefundisha unawaji mikono katika shule nne za msingi, na hakuna mwenzetu aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Tunajivunia.

Mheshimiwa, sasa turuhusu tufike kwenye kilio chetu. Ni kimoja tu: chumba cha kompyuta kwa ajili ya masomo ya kinga na takwimu za afya.

Mwaka wa pili, wanne kati yetu walipangiwa fildi kwenye zahanati moja ng'ambo ya mto. Wiki mbili nzima walitibu watoto wa kuhara: dawa ya kuongeza maji, zinki, nenda nyumbani. Wiki inayofuata, mtoto yuleyule karudi mgongoni mwa mama. Jioni moja wakafungua kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kile cha wagonjwa wa nje, wakahesabu kwa vijiti juu ya karatasi ya manila, vinne vimesimama, cha tano kinakata. Watoto 41. Kati yao 29 wametoka kitongoji kimoja.

Je, si kwa sababu kitongoji hicho kina watu wengi? Wakaenda kwa mwenyekiti kuulizia idadi ya kaya, wakaambiwa ndicho kidogo kuliko vyote. Huko wakakuta kisima cha wazi, na choo upande wa juu wa mteremko, hatua chache tu. Mtendaji wa kijiji alisimamia kisima kikatiwa klorini na kufunikwa, na kabla hawajaondoka vijiti vilipungua. Darasani tulisoma habari za daktari John Snow, aliyefanya kazi ya namna hii London mwaka 1854 wakati wa kipindupindu. Wenzetu wameifanya kwa peni na manila.

Ila, Mheshimiwa, hatudai kwamba tumethibitisha. Wakati huohuo mvua zilikatika. Kuhara kulipungua kwa ajili ya kisima, au kwa ajili ya mvua? Ili kujibu ilibidi kulinganisha na miezi hiyohiyo ya miaka ya nyuma, maelfu ya mistari ya daftari. Kwa kikokotoo cha simu tulishindwa, na swali hilo tunaondoka nalo.

Nchi yetu imeshaona faida ya maswali ya aina hii kupata majibu. Miaka ya 1990, halmashauri za Rufiji na Morogoro Vijijini zilipopewa takwimu za magonjwa na vifo za wilaya zao, zilikuta malaria inabeba kama asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, ilhali kwenye bajeti inapata asilimia 5. Zikapanga upya fedha zilezile kufuata mzigo wa ugonjwa, pamoja na nyongeza ndogo, na katika miaka michache iliyofuata vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Namba hizo mwanzo wake ni mtu anayejua kuhesabu na kuuliza.

Sisi tumefundishwaje? Chuo kina kompyuta tisa, zinazowaka ni tatu. Mwalimu wetu wa takwimu anachora programu ubaoni kwa chaki: hapa utabonyeza, hapa patafunguka. Wengi wetu tumeigusa programu yenyewe mara mbili au tatu katika miaka yote mitatu.

Jengo lipo nyuma ya bwalo. Wazazi walichanga, likafika kwenye lenta, likasimama hapo. Miaka mitatu iliyopita, mgeni rasmi aliahidi mabati 120 jukwaani hapahapa, tulipiga vigelegele. Aliyefuata aliahidi kompyuta 20. Tulipiga vigelegele tena. Mwaka jana tuliambiwa suala limechukuliwa na litafanyiwa kazi. Tumeandika barua tatu za kukumbushia, nakala zimo kwenye bahasha uliyokabidhiwa ulipowasili. Hatumlaumu mtu, tunajua viongozi mna mengi. Lakini masika hayakusubiri ahadi. Udongo kati ya matofali ya juu sasa unachomoka kwa kidole.

Kwa heshima kubwa, Mheshimiwa, tunaomba paa kwanza. Mabati 120, mbao za kenchi na misumari. Kompyuta tunazihitaji sana, ila zikija kabla ya paa hazina pa kukaa. Mafundi tunao, wazazi watatu wamejitolea, na sisi wahitimu tutabaki wiki moja kubeba mbao. Na lolote utakaloona linawezekana, hata likiwa dogo, tunaomba ulitaje pamoja na mwezi wake na ofisa tutakayemfuata, ili wadogo zetu mwakani wasilazimike kuandika risala hii upya.

Kabla ya chakula, tunakuomba utembee nasi hadi nyuma ya bwalo. Njia imefyekwa jana, na ngazi imeegemezwa ukutani.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu, Stashahada ya Utabibu