Barua kwa Mama Kulwa: kambale, Jumamosi na ubatizo

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Kulwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua nyumbani ulikoolewa huko Musoma, kwa Wasabato, hakuna wa kukuitikia salamu hii ya Kikatoliki, basi pokea yangu na uiitikie mwenyewe.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza sokoni Mwaloni katikati ya kelele za wapakiaji, nikaurudia nyumbani watoto walipolala. Maswali ni mengi. Mengine ya mama mkwe, mengine ya wifi yako, na mengine naona ni yako mwenyewe, umeyachomeka humo humo ukidhani sitayatambua. Sitafuata mpangilio wako. Ila nikuambie mapema: karibu kila ulichouliza, Wakristo wa kwanza walishagombania. Chakula, siku, maji. Mama mkwe hakukuletea jambo jipya, kwa hiyo usimwone kama adui aliyetumwa kukubomolea imani.

Tuanze na samaki, maana hapo ndipo mlipoparurana. Wifi kakukuta unakaanga mumi, yaani kambale, akasema umenajisi sufuria. Wasabato wanasoma Walawi 11: cha majini chenye mapezi na magamba kinaliwa, kisicho navyo ni machukizo. Kwa kipimo hicho sato, ngege, furu, dagaa, hata sangara aliyeletwa ziwani juzi tu miaka ya 1950, wote wanapita. Kambale anaanguka, ngozi yake ni tupu kabisa. Mwenye kesi ngumu ni kamongo. Hapa sokoni nimewaona wazee wa Kisabato wakimkataa bila kumtazama mara mbili, lakini kamongo magamba anayo: ni madogo, yamezama kwenye ngozi, na ute umeyafunika. Ukimfuta ute kwa majivu ukamsogeza kwenye mwanga, utaona ngozi imechorwa kama wavu mdogo. Usiende kumwambia wifi. Nakwambia wewe kwa sababu tunapenda kucheka.

Sasa, kwa nini sisi tunakula? Wengi wetu tunakimbilia Matendo 10, Petro akiwa Yafa, nguo kubwa ikashuka na wanyama wa kila aina. Ukienda na hiyo peke yake utashindwa, na utashindwa kwa haki. Mama mkwe atakufungulia aya ya 28 ambapo Petro mwenyewe anaeleza alichofundishwa: asimwite mtu yeyote najisi. Watu, si nyama. Kisha atakupeleka kwa Nuhu, Mwanzo 7:2, akuonyeshe kwamba wanyama safi na wasio safi walitenganishwa kabla ya Musa. Wasabato wanasoma, ndugu yangu, usiende mikono mitupu. Mimi nasimama kwenye Marko 7:19, panaposema kwamba Yesu alivitakasa vyakula vyote, halafu Matendo 15. Pale mitume na wazee walikaa Yerusalemu, yapata mwaka 49, kuamua watu wa mataifa wabebeshwe nini katika Torati. Wakataja mambo manne: vilivyotolewa kwa sanamu, damu, vilivyosongolewa, na zinaa. Magamba hayamo.

Lakini kuwa na haki ya kula hakukupi ruhusa ya kula popote. Soma Warumi 14 yote, usikate kipande. Paulo anamwambia anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula, halafu anamgeukia yule anayejiona ameelewa zaidi: kama chakula chako kinamhuzunisha ndugu yako, huendi tena kwa upendo. Kwa hiyo jikoni kwa mama mkwe kambale asiingie. Siku ukija Kirumba nitakupikia. Na usione haya ni mambo madogo: mwaka 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ulifika mpaka kumwaga damu, wakati 1 Wakorintho 10:25 imeandikwa wazi kwamba kinachouzwa sokoni tule bila kuulizauliza.

Kuhusu Jumamosi, usibishe kisichobishika. Siku ya saba ni Jumamosi, na Kanisa letu halijawahi kufundisha vinginevyo. Aya inayoamuru Sabato ihamishiwe Jumapili haipo, usiitafute. Tulicho nacho ni kwamba Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma, na wanafunzi wakaanza kukutana siku hiyo. Matendo 20:7 wako Troa wanamega mkate. 1 Wakorintho 16:2 Paulo anawaambia watenge sadaka siku hiyo hiyo. Shemeji yako anasema ni Konstantino, yule mfalme wa Roma, aliyebadilisha. Konstantino alitoa sheria ya kupumzika Jumapili mwaka 321, ni kweli, na hata hivyo wakulima aliwaruhusu kwenda shamba. Lakini Yustino Shahidi, akiandika Roma yapata mwaka 155, anaeleza Wakristo wakikusanyika siku ya jua: maandiko yanasomwa, msimamizi anahubiri, mkate na divai vinaletwa, sadaka inakusanywa kwa ajili ya yatima na wajane. Hiyo ni zaidi ya miaka 150 kabla ya Konstantino. Amlaumu kwa mengine.

Hapo sasa utakuwa umejibu hoja, ila swali la mama mkwe nadhani ni lingine: nyinyi mnapumzika lini? Na hapo sina cha kumjibu kwa niaba ya mji huu. Wenzetu jua likizama Ijumaa, sufuria zimeshaoshwa, nguo zimepigwa pasi, biashara imefungwa. Sisi tukitoka misa ya kwanza, wengi moja kwa moja sokoni. Wavuvi wa dagaa ndio kabisa, mapumziko yao huamuliwa na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni. Giza likirudi wanaingia majini, iwe Jumamosi au Pasaka. Kwa hiyo Ijumaa jioni mama mkwe akiwasha taa na kuanza wimbo, wewe kaa uimbe. Zaburi ni zile zile.

Sanamu. Wifi anasema Wakatoliki tumefuta amri ya pili. Chukua Biblia yako ile uliyopewa siku ya kipaimara, fungua Kutoka 20:4, mwonyeshe. Ipo, neno kwa neno. Kinachotofautiana ni kuhesabu tu. Biblia yenyewe inasema ni amri kumi, lakini haikuziwekea namba. Sisi tunafuata hesabu ya Agostino, katazo la sanamu linaingia ndani ya amri ya kwanza, na mwishoni kutamani mke wa mtu na kutamani mali yake zinakuwa amri mbili. Wao wanagawanya mwanzoni na kuunganisha mwishoni. Kwenye katekisimu ya watoto tulikariri kwa kifupi, ndiyo maana watu hudhani kuna kilichofichwa.

Akiendelea, mpe habari ya nyoka wa shaba, na umpe zote mbili. Katika Hesabu 21 Mungu ndiye anayemwambia Musa amtengeneze. Katika 2 Wafalme 18:4 mfalme Hezekia anamvunja vipande, kwa sababu watu walikuwa wamefika mahali pa kumfukizia uvumba. Nyoka yule yule. Mimi hiyo sura ya pili hainifurahishi kila nikiiona rozari imening'inizwa kwenye kioo cha daladala na dereva anaendesha kama ana hirizi. Hapo wifi ana hoja, na ukimpa haki yake atakusikiliza kwenye mengine.

Biblia yetu nene nitapita haraka. Yao ina vitabu 66, yetu 73. Saba vilivyozidi ni Tobiti, Yudithi, Wamakabayo viwili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku, pamoja na vipande vya Esta na Danieli. Hatukuviongeza kumkomoa Luther, yule aliyeanzisha Uprotestanti, kama shemeji anavyosema. Vilikuwa kwenye Biblia ya Kigiriki waliyoisoma Wakristo wa kwanza, na sinodi ya Karthago mwaka 397, hapa hapa Afrika, ilivitaja. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1546 ulithibitisha. Hata Biblia ya Kiingereza ya mfalme James ilipotoka mwaka 1611 ilikuwa navyo, vimewekwa katikati ya maagano mawili. Upande wa pili ni kwamba Wayahudi hawavihesabu kama Maandiko, na Yeronimo aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini alikuwa na mashaka navyo. Ukitaka kuwavuta wasome, anza na Tobiti sura ya 6, kijana anaosha miguu mtoni Tigri, samaki mkubwa anaruka kutaka kummeza, kijana anamkamata, na nyongo yake baadaye inamponya baba yake upofu. Mtu wa ziwani hawezi kuiacha katikati. Wamakabayo na kuwaombea marehemu liache kwanza. Wao wanaamini wafu wamelala mpaka ufufuo, wanasoma Mhubiri 9:5, na mazungumzo hayo si ya kufanyia msibani.

Zaka ni mambo ya mshahara wa Baba Kulwa, mkubaliane ndani. Ila wakikusomea Malaki 3 peke yake, soma na Kumbukumbu la Torati 14, fungu la kumi la kila mwaka wa tatu lilikuwa la Mlawi, mgeni, yatima na mjane.

Ubatizo nimeuacha nyuma kwa sababu ndiyo uliokufanya ulie kwenye ile sauti.

Mama mkwe anasema maji ya kumwagiwa kichwani utotoni si ubatizo. Kwa upande wa maji, yuko karibu nasi kuliko anavyojua. Yule towashi wa Kushi katika Matendo 8 alishuka majini, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki yenyewe inasema kuzamisha mara tatu ndiko kunakoeleza vizuri zaidi maana ya ubatizo, ingawa kumimina kumekubaliwa tangu kale. Kuna mafundisho ya zamani sana yaitwayo Didake, ya wakati ambao mitume walikuwa hawajasahaulika: batizeni katika maji yanayotiririka, kama hayapo, maji mengine, kama hata hayo hayatoshi, mimina kichwani mara tatu. Mimi sijaona jibu bora kuliko hilo.

Kwa upande wa watoto, hakuna atakayemshinda mwenzake kwa aya. Nyumba ya Lidia na nyumba ya askari wa gereza zilibatizwa zote, Matendo 16, lakini Luka hakutuambia kama kulikuwa na mtoto wa mgongoni. Yapata mwaka 200 Tertuliano wa Karthago alishauri watoto wangojewe wakue. Maana yake kuna waliokuwa wakiwabatiza, na kuna ambao halikuwakaa vizuri, tangu wakati huo.

Je, ubatizwe tena? Sisi tunakiri ubatizo mmoja, na kwangu mimi wako ulishakuwa. Wao watakuzamisha kama uliyebatizwa mara ya kwanza. Ukifika siku ukaamini kama wao wanavyoamini, nenda, nitalia kidogo na tutabaki marafiki. Lakini usiingie majini ili wifi anyamaze. Na kama utaingia, chagua mahali pasipo na magugu, tena asubuhi mapema. Konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na mchana ndipo vimelea hutoka kwa wingi. Mwambie na mchungaji wao, si mzaha.

Mama yako anataka uwalete Kulwa na Doto huku "kusalimia bibi", wabatizwe kimya kimya. Hapana. Sheria ya Kanisa inataka angalau mzazi mmoja aridhie, na wewe ungeridhia, kwa hiyo kwa karatasi ingewezekana. Inataka pia pawe na tumaini la kweli kwamba watoto watalelewa katika imani hiyo. Tumaini gani litakuwepo Baba Kulwa akigundua kwa kuambiwa na jirani? Hata ndoa ya mseto ina utaratibu: upande wa Mkatoliki unaahidi kufanya kila unaloweza ili watoto wabatizwe kwetu, na mwenzako lazima ajulishwe ahadi hiyo. Ajulishwe, Mama Kulwa. Kaa naye umwambie unachotaka, usikie anachotaka. Kanisani kwao watoto huwekwa wakfu wakiwa wachanga; akitaka hilo lifanyike, kaa mstari wa mbele na gauni lako zuri.

Paroko wa huko uliyesema anataka nakala ya cheti chako ili ndoa yenu ishughulikiwe, nitalifuatilia. Wanatafuta kwenye daftari la ubatizo kwa jina, mwaka na msimamizi. Jina la msimamizi wako limenitoka. Nitumie kabla ya Jumatano, siku hiyo napita ofisi ya parokia nikitoka sokoni. Dagaa nitampa kondakta wa basi la asubuhi, gunia dogo, nusu ni la mama mkwe.

Nisalimie Baba Kulwa na mapacha.

Rafiki yako wa Kirumba